Kufuli za Dazeni Moja

Jumatano moja ya mwezi wa sita mwaka 1994, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, redio ya kaseti ilipotea katika chumba namba tisa cha bweni la wasichana. Haikupatikana. Mpaka leo sijui aliyeichukua, na katika maandishi haya pia hatapatikana, kwa hiyo msomaji asimtafute.

Naanza na redio kwa sababu watu wakimtaja Matroni, wao pia huanzia hapo. Tulimzika mwezi uliopita, kwao, mbele kidogo ya Nambale. Aliyesoma historia yake alitaja kanisa alilobatizwa na idadi ya wajukuu, kisha akasema, "Aliwahi kufanya kazi chuoni, akaacha." Nyuma yangu mwanamke mmoja akanong'ona, "Akaacha au akaachishwa? Si ndiye yule wa redio?" Niligeuka nimjibu, kwaya ikaanza. Wimbo ulikuwa na beti sita. Ulipokwisha, yule mwanamke alikuwa amehama kiti.

Ndiyo maana naandika. Nilifanya kazi chini yake miaka saba, nikisafisha bweni lile. Niliyoyaona nitayasema. Nisiyoyaona nitasema sikuyaona.

Chuo kilikuwa kidogo, kando ya barabara inayotoka Busia kwenda Malaba. Kilifundisha ukarani, ushonaji na ualimu wa chekechea. Bweni la wasichana lilikuwa jengo refu la paa la bati, korido moja katikati, vyumba kumi na kimoja, wasichana wanne kila chumba. Vitanda vilikuwa vya ghorofa, na kati ya kitanda na kitanda uliweza kupita kama hujashiba. Msichana hakuwa na mahali pake humo ila sanduku la bati chini ya kitanda na msumari mmoja ukutani. Matroni aliuheshimu ule msumari kama shamba lenye hati. Siku ya kwanza ya kazi nilishusha gauni lililokuwa limening'inia ili nipanguse ukuta. Akaniambia, "Rudisha. Nguo ikiwa kwa msumari wa mtu, iko nyumbani kwake. Panguza pembeni." Kwa hiyo kuta za bweni lile zilikuwa safi pembeni, na nyuma ya nguo zilikuwa na utando wa buibui miaka yote saba.

Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye sweta ya kijani aliyoivaa hata mwezi wa pili jua likiwa kali. Alitembea polepole na alikohoa sana. Mgeni angedhani ana kifua kibovu. Hakuwa na ugonjwa wowote kifuani. Alikohoa kabla ya kupinda kona ya korido, akakohoa tena katikati, na akifika karibu na mlango alitingisha rundo la funguo kama mtu anayeita kuku.

Siku moja nilimwuliza, "Matroni, kwa nini usiingie kimya uwashike? Wana koili ya umeme, wanapikia chai ndani."

"Najua wanapika," akasema. "Nikiiona, lazima niandike. Nikiandika, mtoto wa mtu anarudishwa nyumbani. Nikikohoa, koili inaingia chini ya kitanda, na sisi wote tunalala."

"Lakini wewe si ndiye mlinzi?"

"Mlinzi, ndiyo. Si mpelelezi. Hizo ni kazi mbili, na mimi nalipwa moja."

Hakuingia chumba chochote bila kubisha hodi, hata chumba kitupu. Alibisha mara tatu na kusubiri. Asipojibiwa, aliondoka. Wakati mmoja jiko la mafuta ya taa liliwaka vibaya chumba namba tano, na moshi ukawa unatoka chini ya mlango. Nilimkuta amesimama nje akisema, "Hodi humu." Nilisukuma mlango, nikamwaga maji ya kudekia juu ya jiko, nikafungua dirisha. Ndani hakukuwa na mtu. Baadaye katika ofisi aliulizwa kwa nini hakuingia mara moja. Akasema ukweli kwamba alibisha mara nne badala ya tatu, kwa sababu ya moshi.

Bafu zetu hazikuwa na komeo. Zilikuwa nne, zenye milango ya vipande vya mabati vilivyofungwa kwa waya, na kila muhula mtu alimfungulia mwenzake mlango akiwa na sabuni machoni. Matroni aliomba komeo miaka miwili. Zilipokosekana akaweka sheria: anayeoga aimbe. Asiyejua kuimba ahesabu kwa sauti. Asubuhi bweni lilikuwa kama mkutano wa makanisa manne yasiyosikilizana, na katikati msichana mmoja kutoka Sio Port akisema, "Sabini na tatu, sabini na nne." Matroni alijua sauti ya kila mmoja. Wimbo ukikosekana siku mbili, aliuliza kama mtu anaumwa. Na mara nyingi mtu alikuwa anaumwa.

Kulikuwa na daftari la wageni. Wavulana waliokuja kutembelea wasichana waliandika jina, wanakotoka na uhusiano. Wote waliandika "binamu." Matroni alisema chuo kile kina mabinamu wengi kuliko wanafunzi.

"Binamu wa upande gani?" alikuwa akiuliza.

"Wa mama."

"Ukoo gani?"

Kijana akitaja ukoo bila kufikiri, Matroni aliweka viti viwili chini ya mwembe wa jikoni, mbele ya wapishi. Akianza kuangalia juu, Matroni alimwambia, "Nenda nyumbani uulize mama yako, mimi sina haraka." Kwetu huku mtu hausahau ukoo wa mamake, kwa sababu huko haruhusiwi kuoa. Lakini siku nyingine alimruhusu kijana aliyeshindwa kabisa na swali hilo. Nilipouliza, alisema, "Huyo amekuja na baiskeli kutoka Bumala. Na ameshindwa kudanganya. Wacha wakae."

Barua nazo zilikuwa kazi yake. Zilikuja Busia katika sanduku la chuo, yeye akazichukua. Mkuu wa chuo alitaka barua za wasichana zifunguliwe na kusomwa kabla ya kugawiwa, kwa sababu kulikuwa na kesi ya mimba muhula uliopita. Matroni hakukataa. Alisema miwani yake imevunjika, na mwandiko wa mkono hauoni bila miwani. Ile miwani ilikaa imevunjika miaka minne. Katika miaka hiyo alisoma Biblia kila asubuhi, alisoma gazeti lililofungiwa mandazi, na alisoma tarehe ya mwisho kwenye kopo la dawa ya mende kutoka mbali kuliko mimi. Barua alizitelezesha chini ya milango zikiwa zimefungwa. Ila sitamfanya malaika. Alipenda kujua mambo. Barua nene aliipima kwenye kiganja na kusema, "Hii ina picha." Nyembamba iliyoandikwa juu kwa wino mwekundu alisema, "Hii imeachana na mtu." Hakukosea mara nyingi.

Mara moja alifungua sanduku la msichana. Nilikuwepo. Msichana huyo hakula siku tatu na hakusema na mtu, akapelekwa hospitali akiwa amelegea, na Matroni aliogopa kwamba ameficha dawa mbaya. Alipiga magoti mbele ya lile sanduku, akagonga bati kwa kidole, akasema, "Hodi." Akasubiri. Ndipo akafungua. Hakukuwa na dawa. Kulikuwa na sweta ya mtoto mchanga, imevaliwa, haijafuliwa. Alifunga sanduku bila kugusa kitu. Chuo hakikuchukua wasichana wenye watoto, na angepaswa kuandika. Jumamosi iliyofuata alimwandikia yule msichana ruhusa ya kwenda nyumbani "kuona mgonjwa", na Jumamosi nyingine tena, mpaka akamaliza masomo. Jina lake sikuwahi kulitaja, na silitaji hapa.

Sasa nifike kwenye kufuli.

Mwanzoni kila chumba kilijinunulia kufuli. Nyingine zilikuwa nzuri, nyingine ungefungua kwa pini ya nywele. Wizi mdogo mdogo ulikuwepo: sukari, viatu, sidiria kutoka kwenye kamba. Mwanzo wa mwaka 1993 Mkuu akasema anataka kufuli za aina moja, ufunguo mmoja ukae na kiongozi wa chumba, wa pili ukae na Matroni. Akamtuma anunue. Vyumba kumi na kimoja, na moja ya stoo ya karatasi za mitihani, jumla dazeni moja.

Alivuka mpaka kwenda Busia ya Uganda kwa sababu kule zilikuwa rahisi. Nilikwenda naye kubeba. Mchuuzi alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu, amepanga kufuli juu ya gunia.

"Nyabo, hizi ni orijino," akasema, akimwita mama kwa Kiganda. "Angalia tembo." Kila kufuli ilikuwa na tembo.

"Zote ni sawa?" Matroni akauliza.

"Sawa kabisa, nyabo. Hazina tofauti hata kidogo."

Alisema kweli kuliko tulivyoelewa. Alikuwa na kufuli za rejareja, zimechanganyika, na alikuwa na katoni moja haijafunguliwa. Matroni akachagua katoni, kwa sababu ilikuwa na lakiri na hesabu yake ilikuwa kamili. Jioni ile aliandika namba za vyumba kwenye funguo zake kwa rangi ya kucha, na chuo chote kikamsifu.

Kama mwezi mmoja baadaye nilikuwa nadeki. Alinipa ufunguo wa chumba cha nne, nami kwa kuzubaa nikaenda kufungua cha kumi na moja. Kikafunguka. Nilidhani nimehesabu milango vibaya. Nikarudi, nikahesabu tena. Nikamwita.

Tulingoja wasichana waende likizo, tukajaribu. Ufunguo wa kwanza ulifungua milango yote. Wa pili pia. Tulipofika wa tatu Matroni akasema, "Basi, tumeelewa." Alikaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa.

Tulivuka tena kumtafuta mchuuzi. Mahali pake palikuwa na mama anayeuza nyanya, naye alisema hajawahi kuona kufuli hapo tangu azaliwe.

Njiani kurudi nikamwuliza, "Tutamwambia Mkuu?"

"Nikimwambia, ataitisha mkutano," akasema. "Akiitisha mkutano, wasichana wote wanajua. Leo kila mtu anadhani ufunguo wake unafungua mlango wake peke yake. Kufuli ni kama heshima. Inafanya kazi mpaka siku mtu ajaribu."

"Na usipomwambia?"

"Nachunga mwenyewe."

Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Ilikuwepo nyingine, kwamba aliogopa kazi yake. Sijui ipi ilikuwa nzito zaidi, na nadhani yeye pia hakupima. Mimi sikuwa na sababu ila kwamba nilikuwa nimeambiwa ninyamaze, na kunyamaza ni kazi nyepesi.

Kuanzia muhula uliofuata Matroni aliweka kigoda mwisho wa korido, penye mlango wa pekee wa bweni, na kila siku wasichana wakiwa darasani alikikalia. Alishika sindano za kufuma, ndiyo, lakini alifuma kitambaa kimoja mwaka mzima. Walimu walisema amezeeka, amekuwa mvivu. Mpishi mmoja alimwita Mama Kigoda mbele yangu, nikacheka na wengine. Alikuwa halindi milango. Yeye ndiye aliyekuwa kufuli.

Siku alipolazimika kutoka, nilikaa mimi.

Jumatano ile alikwenda hospitali Busia kupimwa presha. Alinikabidhi kigoda saa mbili asubuhi. Alisema, "Usitoke mpaka nirudi." Saa nne kengele ya chai ikalia. Korido ilikuwa kimya. Jikoni walikuwa wamepika mandazi, na harufu ilifika. Nilisema nitakwenda na kurudi. Nilikunywa chai, nikakaa, mpishi akanieleza habari za arusi ya mdogo wake, na niliporudi sikuona tofauti yoyote. Nilikuwa nimekosekana labda dakika ishirini, labda zaidi. Sikuwa na saa.

Saa saba msichana wa chumba namba tisa aliyeitwa Nafula alirudi na kupiga kelele. Redio yake haikuwepo. Kaka yake alikuwa amemnunulia. Kufuli ilikuwa imefungwa, haikuvunjwa, na dirisha lilikuwa na nondo.

Mkuu alifanya hesabu, na kwa alivyojua yeye hesabu ilikuwa sahihi. Kufuli ina funguo mbili. Mmoja uko kwa Matroni, na Matroni alikuwa Busia nao, ana karatasi ya hospitali. Wa pili uko kwa kiongozi wa chumba. Kiongozi wa chumba namba tisa alikuwa Amoit, msichana wa Kiteso kutoka upande wa Malaba, anasomea ualimu wa chekechea. Ufunguo aliufunga shingoni kwa uzi na hakuuvua hata akioga.

"Ulimpa mtu ufunguo?" Mkuu akamwuliza.

"Hapana."

"Ulipotea hata kidogo?"

"Hapana, uko hapa."

"Basi umejihukumu mwenyewe."

Amoit alikuwa mkweli, na kila jibu la kweli lilimzamisha. Barua ya kumfukuza ilipigwa chapa siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi baba yake alikuja na baiskeli, akaisimamisha nje ya ofisi. Alikuwa mkulima. Alikuwa ameuza ng'ombe ili mtoto asome. Alishika kofia kwa mikono miwili na hakuketi, ingawa kiti kilikuwepo; Amoit alisimama kando yake.

Nilikuwa nadeki veranda ya ofisi. Mlango ulikuwa wazi. Matroni alipita karibu yangu, amebeba kufuli ya chumba namba tisa mkono mmoja na rundo la funguo mkono mwingine. Hakuniangalia.

"Hodi," akasema mlangoni.

"Matroni, tuna wageni," Mkuu akasema.

"Ndiyo maana nimebisha."

Akaingia. Aliweka kufuli juu ya barua ya Amoit. Akaifunga. Akachagua ufunguo wenye rangi ya kucha, akauinua. "Huu ni wa chumba cha kwanza." Akafungua. Akafunga tena. "Huu ni wa sita." Akafungua. Alifanya hivyo mara tano, polepole, kama mtu anayewafundisha watoto wa chekechea. Kisha akamwomba Amoit ufunguo wa shingoni, akatoka naye hadi stoo ya mitihani, Mkuu nyuma, baba nyuma ya Mkuu, mimi na ndoo mwisho. Ufunguo wa Amoit ukafungua stoo ya mitihani.

Mkuu alishika ukuta. "Tangu lini?"

"Tangu zinunuliwe."

"Mwaka na nusu! Mitihani ya mwaka jana ilikuwa humu!"

"Ilikuwa humu."

"Wanafunzi wote walikuwa na ufunguo wa stoo ya mitihani?"

"Mkuu," Matroni akasema, "umeyaona matokeo ya mwaka jana. Wangekuwa wameingia, wangepita."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilicheka baadaye, miezi mingi baadaye.

Mkuu akauliza, "Nani mwingine alijua?"

"Mimi."

"Wewe peke yako?"

"Mimi."

"Na Jumatano ulipokwenda hospitali, nani alikuwa anaangalia bweni?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Maji ya ndoo yalikuwa yanatulia. Nilikuwa na watoto wawili na mume asiye na kazi, lakini wakati ule sikuwafikiria. Sikufikiria chochote. Nilisubiri nione atasema nini.

"Bweni ni langu," akasema. "Likiachwa wazi, nimeliacha mimi."

Baba ya Amoit hakuelewa yote, kwa sababu walizungumza haraka. Alielewa kwamba mtoto wake anabaki. Alimshika Matroni mkono kwa mikono yake miwili, akasema kitu kwa Kiteso, na Matroni ambaye hajui Kiteso akajibu, "Sawa, mzee."

Alifukuzwa kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu ya stoo ya mitihani. Barua yake ilisema "uzembe uliohatarisha mali ya chuo." Watu hawakusoma barua. Walijua tu kwamba redio ilipotea chumba ambacho yeye alikuwa na ufunguo wake, na kwamba siku chache baadaye yeye naye hayupo. Wakajumlisha.

Zilinunuliwa kufuli nyingine, za kuchanganyika. Amoit alimaliza, anafundisha watoto wadogo. Matroni mpya alikuwa kijana, mwenye diploma. Aliingia vyumbani bila kubisha na alikamata koili tatu wiki ya kwanza. Mimi nilibaki na kazi yangu. Sokoni Busia, kwenye kituo cha magari, hata kanisani, nilisikia watu wakisema "yule wa redio", na kila mwaka redio ilikuwa kubwa zaidi.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka jana, 1998, alasiri moja, kule Malaba. Nilikuwa nimesikia kwamba anasimamia lojing ya madereva wa trela wanaosubiri karatasi za forodha. Ilikuwa nyuma ya barabara, vyumba vinane kuzunguka uwanja wenye lango moja. Hata kule walimwita Matroni. Sikuuliza walijuaje.

Nilimkuta amesimama langoni na mwanamke aliyevaa nguo za kanisa.

"Mume wangu yuko chumba gani?" mwanamke akauliza.

"Mama, hapa nina vyumba. Waume sina."

"Trela yake nimeiona barabarani."

"Trela haijalala hapa."

"Dada, wewe ni mwanamke kama mimi. Niambie tu namba."

"Namba siwezi," Matroni akasema. Akaleta kiti, akakiweka langoni kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kutoka bila kuomba njia. "Lakini jua ni kali. Keti hapa upumzike, uondoke ukitaka."

Mwanamke akaketi. Matroni akanipeleka upande wa kamba za nguo, akaendelea kukunja shuka. Alikuwa amekonda. Nilimsaidia kushika pembe. Tuliongea habari za watoto, za presha, za bei ya sabuni. Kisha nikasema lililonileta.

"Matroni, kule Busia watu bado wanasema uliiba redio."

"Redio gani?"

"Ile ya Nafula. Siku hizi wanasema ilikuwa ya kaseti mbili."

"Ilikuwa ya kaseti moja," akasema. "Wameongeza."

Tulikunja shuka nyingine mbili. Bila kuniangalia akauliza, "Na wewe ukisikia hivyo, unasema nini?"

Nilitaka sana kusema kwamba huwa nawajibu. "Nanyamaza," nikasema.

"Miaka minne?"

"Minne."

"Umezoea," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma kipimo.

Akaja muuza ndizi, mwanamke mwenye kicheko, beseni kichwani. "Matroni, leo una mgeni! Huyu ni nani?"

"Tulifanya kazi pamoja chuoni."

"Ooh! Kule kwa redio?" Akacheka. Nadhani alikuwa anamtania, na alikuwa ameshamtania hivyo mara nyingi.

Matroni aliinama. Alinyoosha mkunjo wa shuka kwa kiganja. Nilimtazama, naye alitazama shuka, na nikajua hatajibu hata tukikaa hapo mpaka kesho.

"Mama," nikamwambia muuza ndizi, "siku redio inapotea, mlango nilikuwa nachunga mimi. Huyu alikuwa hospitali. Na kufuli zote za bweni zilikuwa zinafunguana, yeye alijua na mimi nilijua. Alifutwa kwa sababu alienda kusema, ili mtoto wa watu asifukuzwe. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na ndoo, nikanyamaza."

Muuza ndizi akashusha beseni. "Mlango ulikuwa unachunga wewe?"

"Mimi."

"Sasa mwizi alipitaje?"

"Nilienda kunywa chai."

"Chai?"

"Na mandazi."

"Mandazi mangapi?"

"Mawili."

"Kumbe!" akasema. Akamtazama Matroni, akanitazama mimi, akajitwika beseni, akatoka bila kuuza hata ndizi moja. Langoni alimwomba njia yule mwanamke wa nguo za kanisa, na nikamsikia anaanza kumweleza papo hapo, kutoka mwanzo.

Matroni alisikiliza kidogo. "Huyo," akasema, "kabla jua halijatua atakuwa amefika Tororo."

Mgeni wa chumba namba mbili akaita maji ya kuoga. Matroni akanisukumia shuka zilizobaki, akaenda. Zilikuwa saba. Nilizikunja zote, nikazipanga. Aliporudi alizipitia moja moja, akatoa mbili, akazikunjua, akazikunja upya.